Mgonjwa Ajapo na Harufu ya Pombe: Mwongozo kwa Wahudumu wa Zahanati za Nchi ya Chai

Katika zahanati zilizotawanyika juu ya vilima vya Kericho na Bomet, kuanzia zile za mashamba makubwa ya chai ambayo kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziliyafungua katika miaka ya 1920, hadi zile za serikali zilizo jirani na vituo ambako wakulima wadogo hupimia majani yao, hapana mhudumu aliyekaa kazini mwaka mzima asiyepata kumpokea mgonjwa aliyefika siku yake ya kliniki akinuka chang'aa, ulimi mzito, macho mekundu, na kadi yake mkononi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe unayempokea, uwe bawabu wa lango, karani wa mapokezi, muuguzi, afisa wa kliniki, au mhudumu wa afya ya jamii aliyemsindikiza kutoka kijijini. Katika yote yatakayofuata nataka ushike jambo moja, nalo ni kwamba harufu ya pombe ni habari moja miongoni mwa habari nyingi za mgonjwa, na haina mamlaka ya kumfukuza wala ya kukuambia maradhi yake ni yapi.

Tuanze langoni, maana ndiko wagonjwa wengi wa namna hii wanakopotelea. Bawabu ambaye hakufunzwa hudhani kuwa ni wajibu wake kulinda heshima ya zahanati kwa kumrudisha mlevi, na karani naye, akiona foleni ni ndefu na watu wameanza kuziba pua, humwambia arudi kesho akiwa na akili zake. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kimetamka bayana kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na kwa kuwa dharura iliyojificha nyuma ya ulevi haionekani kwa mtu aliyesimama langoni na rungu, hukumu ya nani aingie na nani asiingie haiwezi kuwa yake. Kanuni ya kuwekwa ni hii: anayefika amelewa huonwa na muuguzi kabla ya foleni, kwa sababu hakuna ajuaye bado kama amelewa tu. Na ikiwa katika zahanati yako limetundikwa bango la kusema kwamba walevi hawahudumiwi, naomba kwa taadhima literemshwe leo hii. Limekwisha kuwarudisha watu ambao hamkupata kuwaona, wala hamtajua hatima yao.

Kabla ghadhabu haijakushika, zitafakari sababu zinazomfanya mtu anywe siku ambayo alijua fika kwamba atamkabili tabibu. Yuko aliyekunywa kwa hofu, kwa kuwa ameitwa kupokea majibu ya kipimo au kung'olewa jino, na hakuona ujasiri mwingine uliokuwa karibu. Yuko ambaye siku yake ya kliniki imeangukia wiki ya mshahara, au mwezi ule wa Oktoba ambapo wakulima wadogo hupokea bonasi ya mwaka na vilabu hujaa tangu mchana. Yuko aliyeamka mikono ikitetemeka na moyo ukienda mbio, akameza bilauri moja ili aweze kutembea hadi barabarani, na huyo, nitakayemrudia baadaye, ndiye anayehitaji uangalifu kupita wote. Na yuko aliyekemewa mbele ya umati alipofika safari iliyopita, akatafuta ganzi ya moyo kabla ya kukemewa tena. Wote hao wana sifa moja inayostahili kuangaliwa, nayo ni kwamba walikuja, ilhali wangeweza kubaki klabuni.

Msalimu basi kama unavyomsalimu mzee mwingine yeyote, kwa Chamgei ikiwa ni Mkipsigis, au kwa Kiswahili ikiwa ni miongoni mwa wale Wagusii, Wajaluo na Waluhya ambao vizazi kadhaa vyao vimezaliwa katika nyumba za mashamba; mwite mzee, baba, mama au kaka kulingana na umri wake; na sauti yako iwe ya chini, maana mlevi huisikia sauti kabla hajayasikia maneno. Mmoja tu ndiye aseme naye. Usisimame baina yake na mlango, wala usimfungie chumbani, wala usiachwe peke yako naye usiku; bawabu akae mahali ambapo akiitwa atafika, lakini asionekane kama askari wa gereza. Akitukana, usijibu tusi. Rudia jina lake, rudia jina lako, na umwambie utakalofanya kabla ya kulifanya.

Sasa tufike penye uzito wa jambo, yaani robo saa ya kwanza. Mambo mengi huvaa vazi la ulevi, na aliyekufa kwa sukari iliyoshuka huku akiitwa mlevi hakufa kwa pombe, alikufa kwa uvivu wa fikira za aliyempokea. Hesabu pumzi zake, shika mshipa, pima shinikizo la damu na joto la mwili, kisha pima sukari kabla ya kipimo kingine chochote cha damu, maana mashine yenyewe ni ndogo kiasi kwamba tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamekuwa wakigawiwa katika mikoba yao, na zahanati isiyokuwa nayo haina udhuru. Mtu anywaye usiku kucha bila kula, hasa mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi, sukari yake huweza kushuka hadi akayumba, akaropokwa, akatokwa na jasho, akapigana, akalala usingizi usioamshwa. Ikiwa iko chini ya 4 mmol/L na anaweza kumeza, mpe kitu kitamu papo hapo kisha chakula. Ikiwa hawezi kumeza, dekstrozi ipite mshipani bila kungoja. Mnywaji wa siku nyingi apewe pia thiamini, lakini sukari isicheleweshwe kwa kuitafuta thiamini. Na kinyume chake kipo vilevile: sukari iliyopanda mno huleta pumzi yenye harufu tamu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, ambayo pua yenye haraka huiita pombe.

Mpapase kichwa chote, chini ya nywele na nyuma ya masikio, kwani mtu aliyeanguka mtaroni usiku au kutoka pikipiki huenda ana damu inayokusanyika ndani ya fuvu, na linganisha mboni za macho yake kama ziko sawa. Muulize aliyemleta kama alianguka, kama aliwahi kupatwa na kifafa, kama aliamka vizuri kisha akabadilika. Pima homa na malaria, maana hata katika baridi hii ya vilimani malaria iliwahi kuzuka mara kwa mara kama tauni katika mashamba ya Kericho, hasa miaka ya 1990, na malaria ya ubongo na homa ya uti wa mgongo humfanya mtu aseme upuuzi akiwa hajaonja kitu. Tazama kama mdomo umepinda au mkono mmoja umelegea, kwa ajili ya kiharusi. Akitokwa na mate mengi na jasho, mboni zikiwa zimesinyaa na pumzi ikikoroma, fikiria sumu ya dawa za kunyunyizia mimea au ya kuogeshea ng'ombe, ambayo katika nchi ya wakulima haikosekani nyumbani, na ambayo aliyekata tamaa huinywa pamoja na chang'aa.

Kisha weka alama za fahamu zake kwa kipimo cha Glasgow, uandike na saa, na urudie kila nusu saa. Hapa ndipo penye siri ya kazi nzima. Ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 za kileo kwa saa, na chupa ya bia ya nusu lita huwa na zaidi ya gramu 15. Hivyo ulevi hupungua polepole, lakini hupungua, wala hauharakishwi na kahawa, chai ya rangi, kuogeshwa maji baridi au kutembezwa uwanjani. Mtu ambaye alama zake zinapanda kadiri saa zinavyokwenda, yamkini ni mlevi. Yule ambaye zimesimama palepale kwa saa nyingi, au zinashuka, ana jambo jingine, na gari la wagonjwa liitwe. Wakati wa kungoja alazwe ubavu, asilazwe chali, ili matapishi yasimzibe. Afunikwe blanketi, maana pombe hufungua mishipa ya ngozi na joto la mwili hutoroka, na mtu aliyelala nje kwenye mvua ya Kericho anaweza kufika akiwa baridi kuliko anavyojihisi.

Kuhusu kinywaji chenyewe, yafaa ujue kilikotoka. Busaa ya mahindi na wimbi, ambayo wazee wa Kikipsigis waliinywa kwa mirija mirefu wakiuzunguka mtungi mmoja, ilikuwa na mahali pake, umri wake na adabu yake. Chang'aa inayokenekwa haina kipimo, na nguvu yake hutofautiana baina ya nyumba na nyumba. Sheria ya mwaka 1980 iliipiga marufuku kabisa. Ile ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 ikaifuta marufuku hiyo na kuweka leseni na viwango, lakini apikaye nyumbani bila leseni angali mvunja sheria, na kwa sababu hiyo mnywaji humficha mpishi wake hata mbele ya tabibu. Mwambie mapema kwamba hutafuti jina la mtu wa kumshitaki. Unalolitaka ni kujua alikunywa nini, saa ngapi, na kama wenzake waliokunywa naye wako salama.

Swali hilo la mwisho limewahi kuamua baina ya uhai na mauti. Mnamo Mei na Julai 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliwapata watu zaidi ya 400 nchini Kenya, na katika mkupuo wa kwanza zaidi ya robo yao walikufa. Na kabla ya hapo, Novemba 2000, mitaa ya mabanda ya Nairobi ilizika zaidi ya watu 100 kwa sumu hiyohiyo. Methanoli haiui papo hapo. Mnywaji hulewa kidogo, akalala, akaamka akijiona mzima, kisha baada ya nusu siku au siku nzima huanza kutapika, tumbo likamkata, akapumua kwa kina na haraka, na macho yakaona weupe kama ukungu wa alfajiri uliotanda juu ya michai. Akikuambia haoni vizuri, au ukisikia kwamba wawili waliokunywa naye wamelazwa, usingoje dalili nyingine. Mpeleke hospitali yenye mashine ya kusafisha damu, piga simu mbele ili wajiandae kwa dawa ya kuizuia sumu, na uwapashe habari maafisa wa afya ya umma wa kaunti, kwa kuwa wengine wangali wamelala majumbani wakidhaniwa kuwa wana uchovu wa pombe.

Nimesema nitamrudia yule aliyekunywa ili asitetemeke. Huyu anazimua, au kama wasemavyo vijana wa huku, anatoa lock, na ukimwamuru aache leo hii bila msaada unaweza kumdhuru kuliko pombe yenyewe ilivyomdhuru asubuhi hiyo. Mwili uliozoea kileo kwa miaka, ukikinyimwa ghafula, huanza kutetemeka na kutoka jasho katika saa 6 hadi 24. Kifafa kinaweza kuja ndani ya siku 2 za kwanza. Na baina ya siku ya 2 na ya 4 huja maruweruwe, ambapo mgonjwa huona wadudu ukutani, huwaita waliokufa, homa ikapanda na moyo ukaenda mbio, na asipotibiwa huweza kufa. Kwa hiyo mtu wa namna hii muulize maswali mawili kabla ya mengine yote: je, asubuhi mikono hutetemeka mpaka unywe, na je, umewahi kuanguka kifafa ulipokosa pombe? Akijibu ndiyo, kuacha kwake kuwe hospitalini, chini ya usimamizi, kwa dawa za jamii ya diazepamu zinazopunguzwa siku hata siku pamoja na thiamini. Hospitali za rufaa za kaunti, Kericho na Longisa, na zile za misheni za Tenwek na Litein, ndizo za kwanza kuulizwa. Lakini zingatia kwamba diazepamu hiyohiyo, akidungwa mtu ambaye angali amelewa chakari kwa sababu tu anapiga kelele, inaweza kuzima pumzi zake. Wakati ndio unaoigeuza dawa kuwa sumu, na wakati hujulikana kwa kuuliza saa ya bilauri ya mwisho.

Hatari ikiisha kuondolewa njiani, swali linalobaki ni la kazi ya siku hiyo: lipi lifanywe na lipi liahirishwe. Rai yangu ni kwamba mengi zaidi yanaweza kufanywa kuliko wanavyodhani wahudumu. Kidonda kinaweza kuoshwa na kufungwa; uzito unaweza kupimwa; shinikizo la damu linaweza kuandikwa, ijapokuwa pombe huligeuza na itabidi lirudiwe; makohozi ya kifua kikuu yanaweza kuchukuliwa; dawa za mwezi zinaweza kutolewa mikononi mwa anayemsaidia. Yanayofaa kungoja ni machache: upasuaji usio wa dharura, kwa kuwa mlevi aliyetiwa usingizi hutapika na matapishi yakaingia mapafuni, kipimo cha virusi vya ukimwi na majibu mazito, kwa kuwa habari ya namna hiyo yataka akili iliyotulia kuipokea, na sahihi ya ridhaa kwa jambo lolote linaloweza kungoja. Juu ya ridhaa, usidhani kwamba aliyeonja pombe amepoteza haki ya kujiamulia. Mweleze jambo kwa maneno machache, kisha mwombe akueleze kwa maneno yake mwenyewe ulichosema, faida yake na hatari yake. Akiweza, na baada ya dakika 10 akaweza tena, uamuzi ni wake. Asipoweza, na jambo si la kuokoa maisha, mngoje. Akikataa jambo la kuokoa maisha huku haelewi anakataa nini, okoa maisha, na uandike sababu.

Liko jambo ambalo halingoji kamwe. Mlevi akisema kwamba anataka kujiua, asichukuliwe kuwa anaropokwa. Akae, asiachwe peke yake, aondolewe kila kitu cha kujidhuru, na aulizwe tena atakapolevuka, kwa sababu wako wanaolisahau na wako ambao pombe ilifungua tu mlango wa lililokuwamo. Jamaa wakiogopa polisi, waambie kwamba mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai kinapingana na Katiba.

Katika dawa, kosa kubwa ninalotaka ulikwepe linahusu za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi. Kwa nia njema kabisa wahudumu huwaambia wagonjwa wasichanganye dawa na pombe, naye mgonjwa, aliyeamua jioni ile kunywa, hutii kwa namna yake: anaziacha dawa na kushika bilauri. Mwambie kinyume chake, tena kwa maneno yasiyo na utata, kwamba hata siku aliyolewa anywe dawa zake za virusi kwa saa yake, na kwamba madhara makubwa ya pombe kwake ni kumsahaulisha. Kwa dawa za kifua kikuu na vidonge vya isoniazidi, ambavyo pamoja na pombe hulielemea ini, mchunguze macho kama yana manjano, muulize kuhusu kichefuchefu na mkojo mweusi, na umwite mapema kuliko wengine. Metronidazoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Flagyl, inataka pombe ikae mbali mpaka angalau siku 3 zipite tangu kidonge cha mwisho, na ikiwa unajua kwa yakini kwamba hataweza, tafuta dawa nyingine badala ya kutoa onyo lisilofuatwa. Kwa mwenye kisukari anayetumia metformini, na kwa mnywaji mzito anayemeza parasetamo kila asubuhi ili kuondoa maumivu ya kichwa, uliza kiasi, usidhanie.

Usiache pia kuuliza kuhusu kumeza. Hospitali ya Tenwek huko Bomet, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937, imejulikana kwa wingi wa wagonjwa wa saratani ya umio, baadhi yao wakiwa hawajafika miaka 30, na pombe ni mojawapo ya visababishi vya saratani hiyo. Mnywaji anayesema chakula humkwama kifuani, au ambaye nguo zimemzidi, asipewe dawa ya kiungulia na kurudishwa nyumbani.

Mama mjamzito anayefika amelewa ndiye anayekemewa kwa ukali kuliko wote, na kwa ukali huo ndiye anayetoweka hadi siku ya uchungu. Mpime kama unavyowapima wengine, sikiliza moyo wa mtoto, mpe siku ya karibu ya kurudi, na mweleze kwa upole kwamba pombe humfikia mtoto tumboni na kuudhuru ubongo wake unaojengwa, na kwamba kila siku asiyokunywa ina faida hata kama zilizotangulia zimekwisha kupita. Vilevile mzazi akiwa amelewa na amembeba mtoto wa chanjo, mtoto achanjwe, yeye hakulewa. Kisha tazama kama yuko mtu mzima mwingine wa kuwasindikiza nyumbani, na mhudumu wa afya ya jamii apite kuwaona kesho yake.

Bangi, miraa, muguka na tumbaku za kutafuna nazipitia kwa ufupi, kwa kuwa katika vilima hivi pombe ndiyo inayojaza benchi. Mtu wa miraa au muguka huja macho kodo, moyo mbio, shinikizo juu, na hajalala. Pima tena baada ya kupumzika kabla ya kumwandikia dawa ya shinikizo maisha yake yote. Wa bangi huja na hofu au kicheko. Mtulize mahali pa kimya. Aliyemeza vidonge asivyovijua, hasa vya maumivu au vya usingizi, pamoja na pombe, huyo ni wa kuangaliwa pumzi usiku kucha.

Katika nchi ya mashamba, siri ina uzito wa pekee. Zahanati nyingine ni mali ya mwajiri, muuguzi na mgonjwa huishi safu moja ya nyumba, na jina likitajwa kwa sauti dirishani asubuhi, nyapara atalisikia kabla ya majani ya mchana kupimwa. Mgonjwa anajua hivyo, ndiyo maana hudanganya. Katika karatasi ya ruhusa ya kazini andika siku za mapumziko, usiandike ulevi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 na ile ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 zimeifanya habari ya maradhi kuwa amana. Ndani ya faili pia usiandike kwamba ni mlevi. Andika uliyoyaona: anayumba au hayumbi, alama za fahamu ni ngapi, ananuka pombe, anasema alikunywa saa fulani, sukari ilikuwa kiasi gani. Daktari atakayelifungua faili hilo usiku wa manane huko Kericho au Longisa ataweza kutibu kwa habari hizo, lakini kwa neno mlevi hataweza chochote.

Mazungumzo ya kuacha pombe yangoje mpaka alevuke, ama jioni ile ama siku ya kurudi. Tumia maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani yajulikanayo kwa jina la AUDIT, ambayo muuguzi anaweza kuyauliza kwa dakika chache; jumla ya 8 na kuendelea huonyesha unywaji wa hatari, na 20 na kuendelea huashiria utegemezi unaohitaji mtaalamu. Wala usiseme kwamba kazi hiyo ni ya madaktari wa akili peke yao: mpango wa AMPATH huko Eldoret, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2011 na 2021, uliwafunza washauri wasio na shahada kuendesha vikao vya kubadili fikira na mazoea kwa wagonjwa wa virusi vya ukimwi wanaokunywa, na unywaji wao ukapungua. Asiyetaka kuzungumza na mtu anayemjua apewe namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya; simu hiyo haitozwi.

Asiondoke peke yake kabla hajaweza kutembea kwa mstari, kula na kusema anakokwenda, na ikiwa alikuja akiendesha pikipiki mwenyewe, ufunguo ukae kwa muuguzi mpaka jamaa afike. Tarehe ya kurudi ichaguliwe pamoja naye: iwe karibu, isiwe wiki ya mshahara wala ya bonasi, iwe asubuhi, na aulizwe ni saa ngapi mikono yake huanza kumsumbua ili aonwe kabla ya saa hiyo. Namba ya simu ya mke, kaka au jirani anayemwamini iandikwe kwa idhini yake, na mtu huyo apigiwe jioni ya kuamkia siku yenyewe. Mwambie tena, anayemsindikiza akisikia, kwamba akiamka siku hiyo akajikuta amekunywa asigeuke nyuma njiani. Aje hivyohivyo, aseme alikunywa nini na saa ngapi, na kazi itaanzia hapo.